Sikio la Kushoto la Fisi

Tarehe 3 Februari. Miaka miwili na miezi minne tangu niondoke.

Mjomba,

Shikamoo. Kama magoti yako hayajambo na ulimi wako haujambo, basi nyumba nzima haijambo, maana mengine yote hapo hufuata hivyo viwili. Nisalimie mkazamjomba. Mama mwambie sweta limefika na linanitosha mkono mmoja. Ule mwingine nadhani aliufuma huku akigombana na mtu.

Mimi mzima. Tuko sita chumbani, vitanda vitatu vya ghorofa, dirisha moja linalotazama ukuta, na jiko la umeme lenye moto wa upande mmoja, upande wa pili ulikufa kabla sijafika. Juu yangu analala fundi bomba tunayemwita Mkoromo. Usiku kucha anasukuma lori bovu mlimani, asubuhi anatuuliza kwa upole kama tumelala vizuri. Juzi tulimwambia tumelala vizuri sana, akatushukuru.

Kazi ni ileile, kiwanda cha plastiki. Umeniuliza mara mbili tunatengeneza nini. Vitu vya plastiki, Mjomba, vya namna nyingi. Nasimama tangu saa moja asubuhi mpaka saa moja jioni, na nikikaa magoti yanalia kama mlango wa choo cha shule.

Sasa neno lenyewe. Umeandika kwamba ngoma ya mwaka huu ni tarehe kumi na tano Agosti, na kwamba nyumba yetu isipomtoa Fisi kwa mara ya tatu mfululizo, nafasi inakwenda kwa nyumba yoyote itakayoiomba. Kanuni naijua, ulinifundisha wewe. Kinyago hutoka kwa mjomba kwenda kwa mpwa, na mpwa wako ni mimi peke yangu, kwa hiyo umekosa pa kuchagua.

Usidhani nimesahau. Nyati anapiga kwato, Nyani anaruka, Kongoni anatingisha shingo, wote mabubu. Fisi peke yake ndiye anayesema. Anasimama mbele ya mtu yeyote, hata awe mkubwa namna gani, anamwambia ubaya wake hadharani, na mtu huyo sharti acheke mpaka kinyago kivuliwe. Ndiyo kazi pekee niliyowahi kuipenda. Mwaka wangu wa mwisho nilimwambia Kinyozi, mbele ya watu mia tatu, kwamba mito ya nyumba yake ya wageni imejazwa nywele za wateja wake. Alicheka mpaka akakohoa. Hajaninyoa tena tangu siku ile.

Lakini likizo, Mjomba, ndiyo shida. Nilimweleza msimamizi wetu. Akasema, "Mtu mzima unaomba likizo ukacheze fisi?" Akanitazama kama nimeomba ruhusa ya kuota mkia. Kwa hiyo sijui. Usiniwekee tumaini kubwa.

Mpwa wako.

*

Tarehe 21 Machi.

Mpwa wangu,

Marahaba. Barua yako imetembea wiki sita. Karani wa posta anasema ilipotelea kwenye mfuko wa mji mwingine. Namwamini, maana yeye mwenyewe amepotelea hapo posta mwaka wa ishirini sasa na hakuna aliyemtafuta.

Mama yako mguu umepona. Anautumia kuja hapa kila siku kuniuliza kama umeandika. Mkazamjomba wako amejiunga na kwaya na anafanyia mazoezi jikoni, kwa hiyo nimeanza kupenda sana kuwatembelea majirani wakati wa chakula. Habari za sweta nimezifikisha. Mama yako anasema mkono haujakosewa, ila wewe ndiye uliyepinda huko ulikokwenda.

Haya nitakayosema usinipigie simu. Ya simuni mtu huyakana. Karatasi inakaa.

Kinyozi sasa ni mwenyekiti wa kamati ya ngoma. Alichaguliwa bila kupingwa, kwa sababu uchaguzi ulifanyika dukani kwake naye ameshika wembe. Kazi yake ya kwanza imekuwa kununua vinyago. Usishtuke, umesoma sawasawa: amenunua. Kumi na viwili, vya plastiki, vimepangana ndani ya katoni kama sahani. Aliniita kunionyesha kwa furaha ya mtu aliyepata mtoto uzeeni.

"Mzee, hivi haviliwi na mchwa," akasema. "Vinaoshwa kwa sabuni."

Nikamwambia, "Hata wewe unaoshwa kwa sabuni, na hakuna aliyewahi kukuomba ucheze."

Basi huyo Nyati ana uso wa ng'ombe wa maziwa aliyepata habari njema. Nyani kafanana na Kinyozi, hilo silihesabu kosa. Fisi anacheka na meno meupe yote thelathini na mbili, kama anauza dawa ya mswaki. Na macho, mpwa wangu, macho ndiyo msiba. Tundu moja liko kwenye paji, la pili linachungulia shavuni. Wiki iliyopita walivijaribu uwanjani. Nyati akampanda Ngiri mgongoni, Ngiri akaingia mtaroni, na Kongoni akacheza kwa ustadi mkubwa, peke yake, nyuma ya choo, akidhani yuko mbele ya watu. Aliyetoboa macho yale ama alikuwa amelala, ama ana ugomvi na kila mtu mwenye pua.

Jambo moja dogo, halafu nifunge. Unajua habari ya babu yangu, alivyokuwa akimchonga Fisi wa kwanza wa nyumba hii, akaambiwa mama mkwe anahamia kwake, patasi ikateleza ikakata ncha ya sikio la kushoto. Akaona uchungu kutupa kazi ya mwezi mzima, akawaambia watu Fisi huyu kang'atwa na mkwewe. Tangu siku ile kila Fisi wetu huchongwa na mkato ule, na nyumba nyingine haina.

Huyu wa katoni nilimshika nikampapasa. Sikio la kushoto limekatika. Mahali palepale, kwa mshazari uleule.

Mimi sisemi kitu. Nasema limekatika.

Mjomba wako.

*

Tarehe 2 Mei.

Mjomba,

Shikamoo. Barua yako ilifika mapema, tusimsingizie karani. Nimekaa nayo mimi.

Hapa tumebaki watano. Jamaa wa kitanda cha dirishani amerudi kwao. Alikuja miezi sita, akakaa miaka tisa. Tulipigania kitanda chake kwa kura, Mkoromo akashinda, kwa hiyo sasa lori linapanda mlima upande wa dirishani, nami nasikia mwangwi tu. Mwambie mkazamjomba aimbe asiogope, jiko ni lake. Mama mwambie nimeuvaa ule mkono mzuri wa sweta na mwingine nimeufunga shingoni kama skafu, na watu wananisifu.

Mjomba, umeuliza nani alitoboa macho. Ni mimi.

Ndivyo vitu vyenyewe vya plastiki tunavyotengeneza. Sikutaka kukuandikia, maana nilijua utakachosema, nawe umekisema hata kabla hujajua. Nikueleze inavyofanyika. Karatasi ya plastiki inapashwa moto mpaka inalegea, inavutwa juu ya kalibu, inatoka ikiwa uso. Uso usio na macho. Unaletwa kwangu ukiwa bado na joto, nauweka chini ya mashine, nakanyaga pedali, tundu mbili, nausukuma kwa mwenzangu mpaka rangi. Mpaka rangi wetu alikuwa mwalimu wa hesabu kwao. Ananihesabia nyuso mpaka mia nane kwa siku, halafu anasema, "Bwana Macho, leo tumewaumba watu wa kata nzima, na wote hawana akili."

Macho yalianza kwenda upande mwezi wa kumi na moja, walipobadilisha kigezo, ule ubao unaoshika uso usicheze. Walileta cha vinyago vya watoto, na tena kimepinda. Nilimwita msimamizi. Nikamwambia, "Bosi, binadamu hana jicho hapa."

Akaniuliza, "Wewe unatoboa au unavaa?"

Nikamwambia, "Natoboa."

"Basi toboa."

Nikatoboa. Vimekwenda hivyo dunia nzima, Mjomba. Kuna watu wanaingia mitaroni katika nchi ambazo hata hatuzijui, na ni mguu wangu huu wa kulia. Sikujua kwamba katoni moja ingekuja kwenu. Niombee radhi kwa Kongoni, na mwambie alichezea watu wenye shukrani, maana nyuma ya choo hakuna anayezomea.

Kuhusu sikio, mashine hizi zina kasoro nyingi. Zinakata hapa, zinaacha pale.

Likizo bado. Na wewe, mbona herufi zako zimekuwa kubwa kama za bango la uchaguzi? Mistari inapanda kulia mpaka nimesoma shingo imelala begani.

Mpwa wako, Bwana Macho.

*

Tarehe 9 Juni.

Mpwa wangu,

Marahaba. Kalamu ndiyo mbaya. Na meza imeinama.

Tuko wazima. Mama yako anawaambia watu kwamba unafanya kazi ya macho, na sasa wazee wawili wameniuliza kama ukija utawapima. Kwaya imemwomba mkazamjomba wako asimame mstari wa nyuma. Ameuchukulia kama cheo.

Umeniandikia kurasa tatu juu ya macho. Macho sikuuliza, nilikuwa napiga porojo. Tena kutoboa kombo kwa amri ya bosi si dhambi ya kukaa nayo wiki tano. Mtu hakai na barua wiki tano kwa sababu ya macho.

Basi nikwambie sikio lako la mashine limefanya nini hapa. Juzi kamati ilikaa. Nikasimama nikasema Fisi ni wa nyumba yetu, mwaka wa tatu haujapita, wangoje. Kinyozi hakubishana. Alimtoa Fisi kwenye katoni, akamwinua juu, akaonyesha sikio.

"Mzee," akasema, "wewe mwenyewe umetufundisha kwamba Fisi anajulikana kwa sikio. Sikio hili hapa. Sasa nyumba yenu inahitajika kwa lipi?"

Watu wakacheka. Nami nikacheka, maana hata bila kinyago utani mzuri ni utani mzuri. Lakini nilirudi nyumbani nikaketi mpaka uji ukapoa. Nimebishana na watu miaka hamsini na sijawahi kukosa jibu. Siku hiyo jibu sikuwa nalo, kwa sababu sijui sikio letu limefikaje kwenye katoni, na anayejua ananiandikia habari za mashine.

Uamuzi ni huu. Tarehe kumi na tano mtu wa nyumba yetu asiposimama uwanjani amemvaa Fisi, atasimama mwana wa Kinyozi. Unamkumbuka, yule anayecheka kabla utani haujaisha. Na ukishampa mtoto wa Kinyozi mdomo wa Fisi, nani tena atamwambia Kinyozi habari za mito yake? Mwenye duka la vyakula ameshaanza kunyolewa kwa Kinyozi kila wiki, na nywele hana. Watu wanajua upepo unakoelekea.

Mimi nachonga. Nimepata gogo jepesi, zuri, nimefika kwenye pua. Usipokuja nitamvaa mwenyewe. Nina miaka sabini na moja, fisi wa umri huo wapo, ndio wanaokula taratibu.

Mjomba wako.

Mwanangu, ni mkazamjomba. Amenipa barua nikaipeleke posta na akanikataza kuisoma, kwa hiyo nimeisoma. Kalamu ni nzima na meza haijainama. Mjomba wako haoni. Anaona mwanga na kivuli, basi. Barua zako namsomea mimi, na vile vinyago alivisikia kwa watu akavipapasa. Tangu Januari anachonga kwa vidole, na viwili vimefungwa kitambaa. Jana alimsalimia mbuzi wa jirani akamwuliza habari za watoto. Ukimwambia nimekwambia, nitakuja huko nikuimbie.

*

Tarehe 14 Julai. Miaka miwili na miezi tisa tangu niondoke.

Mjomba,

Shikamoo. Barua hii simpi karani. Nampa dereva wa lori anayepita huko, ameapa ataifikisha ndani ya siku kumi, na kiapo chake kina magurudumu. Wasalimie wote. Mkazamjomba mwambie mstari wa nyuma ndio unaoshikilia kwaya isianguke. Mama asimwahidi mtu mwingine miwani.

Sikio halikukatwa na mashine. Nilichora mimi.

Ilikuwa mwaka jana, mwezi wa sita. Mchoraji wa kiwanda alishuka kwenye mstari wetu na karatasi mkononi. Alikuwa amemchora fisi kwa kumtazama mbwa wa jirani yake, na hata mbwa mwenyewe angekataa. Akauliza nani kati yetu amewahi kumwona fisi. Mjomba, tangu nifike hapa watu wa ofisini wameniuliza maswali mawili tu: kitambulisho kiko wapi, na mbona umechelewa. Hili lilikuwa la tatu, na nilikuwa nalijua. Mkono ulipanda wenyewe.

Wakanipandisha juu. Wakanikalisha kwenye kiti chenye mgongo, wakanipa chai kwenye kikombe chenye sahani yake. Nikachora. Sikuchora mnyama wa porini, huyo nimemwona mkia tu akikimbia. Nilichora wa kwetu, taya lake, paji lake, na kalamu ilipofika sikio la kushoto ikakata mshazari bila kuniuliza. Sijui kumchora Fisi mwenye masikio mawili mazima. Tangu utoto sijamwona. Kwangu mimi aliyekamilika ndiye mwenye kasoro. Mchoraji akasema, "Safi sana, hili sikio limemkaa." Nikafurahi, Mjomba. Nikaomba chai ya pili.

Meno ya dawa ya mswaki waliyaongeza wao. Hayo sikubali hata wakiniapisha.

Mwezi uliofuata Fisi wa kwanza akatoka kwenye kalibu akaletwa chini ya mashine yangu, bado ana joto. Nikaona sikio. Ndipo nikaelewa nimefanya nini. Nilimtoboa haraka nikamsukuma kwa mwalimu wa hesabu, kama mtu aliyekutana na mkwewe amevaa taulo. Akaja wa pili. Mia nane siku ile, Mjomba, wote wameng'atwa na mkwe mmoja. Ningekuandikia nini? Kila nilipoanza barua niliishia kwenye mambo ya Mkoromo.

Sasa hilo ndilo jibu ulilolikosa kwenye kamati. Mwambie Kinyozi sikio lake lina nyumba, limetoka kwenye mkono wa mpwa wako, na mpwa wako yuko njiani kulifuata. Katoni yake imejaa watoto wetu wa nje. Akitaka tutawatambua wote, ila baba ni mmoja.

Jana nilimwendea msimamizi nikamwambia naondoka.

"Unakwenda wapi?"

"Kuwa fisi."

"Mkataba wako una miezi minane bado. Ukitoka hurudi."

Nikamwambia nimesikia.

Akaitazama mashine yangu. "Na macho atatoboa nani?"

Nikamwambia amjaribu mchoraji, kwa sababu yeye naye hajui macho ya mtu yanakaa wapi. Hakucheka. Hapa hawana kanuni ya kucheka, na hilo ndilo lililonichosha kuliko kusimama. Mwalimu wa hesabu ndiye aliyenisindikiza mpaka getini. Alipiga hesabu kwamba nimetoboa tundu milioni moja na ushee, akanipa mkono, akarudi mbio kabla ya kengele.

Mjomba, malizia pua, malizia taya, na sikio likate wewe mwenyewe, kwa mkono wako. Macho usiyaguse. Usiniulize kwa nini, nami sitauliza kwa nini hukuniambia. Nyumba hii tuna mtindo wetu wa kutouliza. Yaache kama yalivyo, mti mtupu. Nitayatoboa nikifika, nawe utanishikia uso usicheze. Wewe unajua panapotakiwa, na mimi kwa kutoboa sina mwenzangu.

Nina ombi jingine. Nikishamvaa, mtu wa kwanza kuitwa uwanjani hatakuwa Kinyozi. Nitamwita mpwa wako. Nitawaambia watu yuko kijana mmoja wa nyumba kubwa, alikwenda mbali, akauza uso wa babu zake kwa vikombe viwili vya chai, na cha pili alikiomba mwenyewe. Wacheke mpaka watosheke. Na wewe ukae mbele ucheke, maana kanuni haichagui mjomba. Nikishalipita hilo nitakuwa mwepesi, na Kinyozi ajishike kwenye kiti, maana nina miaka mitatu ya maneno na yote yamekaa yakiiva.

Nimemwachia Mkoromo sufuria na ndoo. Nangoja mshahara wa mwisho utoke, halafu natoka hapa tarehe nne Agosti kwa gari la asubuhi, na lisipoharibika njiani natarajia kufika nyumbani tarehe nane, wiki moja kabla ya ngoma.

Mpwa wako.